Mgongo Nilioutibu Mwenyewe

Mgongo wa mjukuu wangu niliutibu kwa mikono yangu hii, na hilo ndilo lililoua kesi.

Ni msichana wa miaka saba, mtoto wa marehemu binti yangu. Baba yake alioa tena, wakakaa Voi mjini. Shule zilipofungwa akatumwa kwangu mlimani Sagalla kwa bodaboda. Nilipomvua nguo nimwogeshe, nikakuta mgongo umechanwachanwa kwa waya. Nikamuuliza, akasema ni mama wa kambo, kwa sababu alimwaga ndoo ya maji.

Kwetu humpeleki mtoto mbele za watu akinuka usaha. Unamsafisha kwanza. Nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikampaka shubiri na asali, asubuhi na jioni, mpaka shule zikakaribia kufunguliwa. Ngozi ikafunga vizuri sana. Nilijisifu, sifichi.

Ndipo nikashuka naye polisi. Nikapewa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari. Daktari akamgeuza mtoto kwenye mwanga, akaandika: makovu yaliyopona, chanzo hakijulikani.

"Shosho, ungemleta siku ile ile, na damu yake."

"Kwa hivyo ningemwacha aoze ndio mniamini?"

Akagonga muhuri, akanirudishia fomu. Lakini nauliza, nani aliwahi kupanda huku mlimani kutuambia kwamba kidonda cha mtoto ni mali ya korti? Kanisani tunatangaziwa hata mbuzi aliyepotea. Hilo halikutangazwa.

Kortini baba akasema mtoto alianguka kwenye mawe, na mimi nataka kumnyang'anya mtoto wake. Mawe gani hayo yanayochapa mistari? Hakimu, mama mtu mzima, akaingia na mtoto ofisini kwake pamoja na afisa wa watoto, wakafunga mlango. Walipotoka, akaamua mtoto akae kwangu kwa sasa. Yule mwanamke naye? Ushahidi hautoshi. Yuko Voi anauza mitumba, na akiniona ananisalimia kwa meno yote.

Juzi mwalimu wa huku akaniita. Akasema mtoto akiitwa jina darasani, kabla ya kuitika anafunika kichwa kwa mikono. Akaniuliza kama nina dawa.

Nikamwambia dawa baadaye. Kwanza chukua kalamu, mwalimu. Andika ulichokiona, tia tarehe, na utie sahihi.