Kidole cha Mama cha karati tatu

Jamani, leo mama yangu anakaribia kuuzwa.

Nimetoka kwake Maganzo sasa hivi, niko ofisini Shinyanga, nawaandikia wote barua pepe moja maana nacheka peke yangu kama kichaa.

Mama aliwekewa vali ya moyo, anameza dawa ili damu isigande. Kaka aliyeko Ujerumani kamletea kimashine: unajitoboa kidole, unaweka tone la damu kwenye kijikaratasi, namba inatokea. Ikipanda sana au ikishuka sana, ni hatari.

Asubuhi kakitoa barazani ajipime.

Kosa!

Maganzo, kimashine chenye kioo kina kazi moja tu: kupima almasi.

Kufumba na kufumbua, wachimbaji sita wamepanga foleni, kila mtu na jiwe lake.

"Hiki kinapima damu," Mama akasema.

Wakacheka. Huku mwenye almasi siku zote husema hana.

Jirani yetu Baba Masanja akatua jiwe lake juu ya kijikaratasi. Mashine ikakataa.

"Feki!" wenzake wakapiga kelele. Masikini, nusura alie.

Mama akawaka. Kilibaki kijikaratasi kimoja tu! Akajitoboa mbele yao.

3.1. Ndiyo namba anayoitaka daktari.



Baba Masanja akavua kofia.

"Karati tatu," akanong'ona. "Mama Kulwa, usimwonyeshe dalali yeyote."

Nimeondoka dalali ameshaketi sebuleni na lenzi yake, anaomba kukiona kidole.

Na Mama, jamani, anamuuliza anatoa ngapi.