Sindano Kwenye Zamu Yangu

Mke mwenza nilimvumilia. Wallahi, nilimvumilia kuliko wengi hapa Mji wa Kale. Bwana wetu alikuwa mwadilifu: siku mbili kwangu, siku mbili kwake Makadara, na hakuna aliyemwibia mwenzake hata usiku mmoja. Kilichonishinda ni sindano.

Ugonjwa wa sukari ulimwingia bwana miaka ile ya vita vikuu vya pili. Alikonda hata kanzu ikamning'inia, na maji akinywa hayamtoshi. Hospitali wakamwambia achomwe insulini kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Na nani akajifunza kuchoma? Mke mdogo, kwa kuwa kaka yake alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Basi chupa ya dawa ikakaa kwake, imewekwa penye baridi ya mtungi, na lile bomba la sindano la kioo likawa linachemshwa kwenye sufuria yake.

Haya, nambie. Zamu yangu ikiingia mume analala kwangu, lakini akishaswali alfajiri, huyo, Makadara! Anarudi jua limeshatoka, ananukia spiriti, nami nimekaa chai inapoa. Na mimi sifa yangu ilikuwa mkono wa vitamu: kaimati, vitumbua, halua ya sikukuu. Vyote amekatazwa. Nilibaki na nini cha kumfurahishia?

Bado ningemeza. Lakini siku moja mwenzangu alikuja kuniamkia, akaniambia kwa nia njema, "Dada, umwombee sana. Asubuhi nikimchoma analia. Anaogopa atapofuka."

Analia! Kwangu hakuwahi kudondosha chozi. Kwangu ni visa vya bandarini na mzaha, na kuniuliza nimekula nini mbona nazidi kunawiri. Moyo uliniwaka moto, sifichi. Ati mume wangu ana khofu, na mwenye kuijua khofu yake ni mwingine!

Kesho yake nikavaa buibui nikaenda Makadara. "Nifundishe," nikamwambia. Akanifundisha, tena bila kinyongo, kwa kuchoma biringani maji safi, tena na tena. Nilipoweza nikasema, "Mimi ndiye mkubwa. Chupa na bomba naondoka navyo. Kuanzia sasa atachomwa kwangu." Akainamisha kichwa, akavifunga kitambaani, akanipa.

Asubuhi iliyofuata, zamu ikiwa yangu, nilimwambia bwana asiende Makadara; alirudi kutoka msikitini akakuta nimeshaandaa sinia, pamba na kila kitu. Akasimama mlangoni.

"Bibi, nakuomba, si hapa," akasema. "Kule mimi ni mgonjwa. Hapa nakuja kuusahau ugonjwa."

Nilimsikia vizuri. Lakini ningeirudishaje ile chupa Makadara? Nichekwe? Nikamwambia, "Kaa, lete paja." Akakaa, akapandisha kanzu. Nikachoma vizuri, hata tone la damu halikutoka. Akasema ahsante vile watu wanavyomwambia dresa.

Basi nikapata nilichokitaka. Kila asubuhi, zamu iwe yangu au yake, alikuja kwangu. Alilia kwangu. Aliniambia khofu yake ya macho, na miguu inavyokufa ganzi, na nani atatulisha. Nikawa namjua mpaka ndani. Lakini mzaha ukakoma. Hata jioni, akiingia tu uso unamshuka. Nikimtania, anaitazama mikono yangu. Na zamu yangu ikiisha anavaa kofia upesi upesi.

Siku moja jirani yangu, aliyekuwa na dada yake Makadara, akaniambia bila kuulizwa, "Shoga, mumeo kumbe mcheshi hivi! Kule kwa mwenzio usiku anacheka mpaka njiani tunamsikia. Visa vya bandarini havimwishi."

Nikamwambia Alhamdulillahi, afya hiyo. Nikafunga mlango wangu, nikakaa kitako sakafuni nikalia kwa wivu ambao miaka yote ya uke wenza sikuwahi kuuonja. Nilikuwa nimemnyang'anya mwenzangu mgonjwa, nikamwachia mume.