Hatua Kumi na Mbili

Kaka yangu alipopata hela yake ya kwanza ya mpira, kijiji chetu kizima cha Mnyambe kilijua kwamba atajenga. Mama alishachagua pa kuweka nyumba, na jirani mmoja alishaomba kazi ya kufyatua matofali. Kaka alikuwa na miaka ishirini na mmoja, winga wa kulia wa timu ya ligi kuu, na jina lake lilitajwa redioni hadi mama akawa anatunyamazisha wote ili asikie vizuri. Ligi iliposimama mwezi wa sita akaja kwa bodaboda kutoka Newala mjini, begi moja mgongoni, hana hata miwani ya jua. Akamwamkia mama, akala ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, hadi akashiba, na kesho yake akaomba jembe.

Kumbe hela ile alishanunulia pori lililopakana na shamba la marehemu baba. Akaanza kuchimba mashimo ya mikorosho.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka ule ndiyo kwanza nimetoka chuo. Naishi Masasi, upande wa Mkomaindo, na likizo zangu humalizikia kwa mama. Nina mdomo, sikatai. Siku ile nilimwambia wazi kwamba ametuaibisha, wenzake wanatembelea magari na yeye anashindana na panya buku kuchimba ardhi. Hakukasirika.

"Mdogo wangu," alisema, "mkataba wangu ni wa miaka miwili. Winga akifika thelathini ameshakuwa mzee. Mkorosho ukifika thelathini bado unazaa. Wewe si mwalimu? Piga hesabu."

Nilipiga, na sikuipenda hesabu yenyewe. Mkorosho huanza kutoa korosho za kuonja mwaka wa tatu, lakini mavuno ya kumlisha mtu na mama yake huja mwaka wa saba au wa nane. Kaka alitaka mikorosho iwahi kabla miguu yake haijaisha. Angetemwa mapema, angerudi nyumbani na miche tu.

Jambo kubwa kwenye mikorosho ni nafasi. Ikibanana, matawi hukutana, hewa haipiti, ugonjwa wa ubwiriunga hushika maua na mwaka huo hupati kitu. Kwa hiyo huku kwetu watu hupima kwa kamba, mita kumi na mbili toka shimo hadi shimo. Kaka aliikataa kamba. "Kamba ya nini na miguu ninayo?" Alipiga hatua kumi na mbili huku anatazama mbele, akachomeka kijiti, akapiga nyingine kumi na mbili. Bwana shamba wetu, mzee mpole wa pikipiki, alikuja na futi yake akapima mstari mzima. Hakuna shimo lililokosea hata kiganja kimoja. Mzee alicheka peke yake, na mimi nikajikuta najivuna kana kwamba miguu ile ni yangu.

Ila ligi husimama kiangazi, na miche hupandwa mvua zikishika, mwezi wa kumi na mbili, wakati yeye yuko uwanjani. Tukagawana kazi. Yeye mwezi wa sita anachimba mistari miwili, mimi mwezi wa kumi na mbili napanda. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Kabla jua halijatoka alikuwa anakimbia kwenye barabara ya vumbi, halafu chai, halafu jembe hadi adhuhuri. Majirani walisema ametemwa na anaona haya kusema. Mama aliuliza nyumba iko wapi. Alimjibu kila mmoja kwa upole, akarudi shimoni. Sijawahi kumwona mtu mwenye subira namna ile, na mimi, ambaye naishiwa subira kabla watoto hawajamaliza kuitika majina, nilimwonea wivu.

Mwaka wa tano nilikwenda na miche yangu nikaona mstari wa tisa haukukaa sawa. Nikafungua kamba ya mbuzi nikapima. Kila nafasi ilipungua kwa zaidi ya mita moja. Nikampigia simu palepale.

"Umeanza uvivu? Mashimo yamebanana kama madawati ya darasa langu!"

Alisema, "Panda hivyo hivyo." Nikapanda kwa hasira, na nilimnunia hadi mwezi wa sita.

Mwezi wa sita nilisimama pembeni nikamtazama akipima. Mguu wa kushoto ulikwenda mbele kama zamani. Wa kulia ulifuata, ukafika nusu. Akahesabu kumi na mbili, akachomeka kijiti.

"Kaka. Goti?"

Alitazama kwanza kule kwa mama. "Usimwambie mtu. Mkataba wa tatu umeisha, na natafuta timu. Mwenye goti bovu hasajiliwi. Nahitaji miaka miwili tu, mikorosho ya mwanzo itakuwa imekomaa."

"Basi pima kwa kamba."

"Mama akiona nimeshika kamba atauliza miguu imefanya nini. Na mama akijua, Mnyambe nzima itajua."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa anaumia na bado anachimba. Nilimwonea huruma, nilimwogopea, na nilimpenda kuliko siku zote. Siri nikaitunza.

Akapata timu ndogo, miaka miwili. Mara nyingi alianzia benchi, akaingizwa dakika za mwisho. Mtangazaji akisema winga huyu amepoteza kasi, nilikuwa nazima redio na kumjibu mtangazaji kwa sauti, hadi mpangaji mwenzangu akagonga ukuta. Kila mwezi wa sita kaka alirudi akachimba mistari miwili, na kila mwaka mistari ilizidi kusogeleana.

Walimtema akiwa na miaka ishirini na nane, kwa ujumbe wa simu. Akaja kwa bodaboda kama siku ya kwanza, mabegi mawili. "Nimetundika daluga, mama," alisema. Mama alilia. Alisema mwanawe amechezea nguvu zake porini na nyumba hakuiona.

Mikorosho ya mwanzo ilikuwa inaanza kutoa maua ya msimu huo. Tulipuliza dawa ya salfa, tukapalilia, tukangoja. Mwezi wa kumi korosho zikaanguka. Mama aliokota asubuhi, akaokota jioni, na magunia tuliyopeleka kuuza chama cha msingi cha wakulima aliyahesabu mara tatu. Wiki ileile aliyekuwa nahodha wa kaka alimpigia simu kuuliza kama huku kusini kuna kazi yoyote. Kaka alimwambia aje.

Kisha, likizo yangu ya mwezi wa kumi na mbili, bwana shamba akaja kukagua. Mistari ya mwanzo aliisifu. Alipofika ya mwisho alisimama. "Huku nani alipima? Kila mti wa pili utoke, la sivyo ugonjwa utapanda hadi kule."

Mama aliitazama mistari, mmoja baada ya mwingine, jinsi ilivyosogeleana. Halafu akatazama mguu wa mwanawe. Siku hiyo kaka hakuwa anaficha kuchechemea.

"Miaka yote hii?" aliuliza.

"Shikamoo, mama," alijibu kaka akiinamisha kichwa.

"Marahaba, baba. Pole." Akamshika mkono wakasimama hivyo.

Mimi nilisema ile miti haikatwi. Nilibishana na bwana shamba bila adabu, nikasema hajui imegharimu nini. Kaka akachukua shoka. "Mwalimu, unataka ubwiriunga?" Akaikata mwenyewe, mti hadi mti, na mimi nililia waziwazi nikiburuta matawi.

Mwaka huu nilipokwenda likizo ya mwezi wa sita, mama alikuwa ameshahamia nyumba yake mpya, chini ya bati. Kaka alinipeleka kwenye pori jingine alilofyeka pamoja na nahodha wake. Alikuwa amebeba kamba mpya begani, mbele ya macho ya kila mtu. Akanipa ncha moja.

Nikatembea hadi kamba ikakaza.

"Hapo hapo," alisema. Akaja polepole, akapiga chini goti lake zima, la kushoto, akaanza kuchimba.