Jaketi la Mkimya

Vitus aliendesha trekta la shamba la mkonge kwa mkono mmoja. Kiwiko cha mkono wa pili alikiegemeza hewani, mahali ambapo pangekuwa na dirisha kama trekta lingekuwa na dirisha. Wageni walidhani anaumwa bega. Watu wa kambi walijua kwamba anamwiga Mkimya.

Hilo ndilo jina walilompa wenyewe mwigizaji mmoja wa Kizungu, kwa kuwa jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka. Katika miaka ile ya shida, sukari ilipokuwa ya foleni na sabuni ya kuazimana, gari la sinema lilipanda kambini mara chache, likatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa banda la mashine ya mkonge, na filamu ilikuwa ileile. Mkimya aliendesha gari la kijani kwenye mteremko wenye kona kama za barabara ya Gonja. Hakupiga kelele wala hakukunja uso. Maadui walipomkaribia, aliipuliza kahawa yake kwanza, akainywa, ndipo akawasha gari. Mkanda ulipokatika, watu wa Songea, wa Kigoma na wa Singida waliimba pamoja mpaka ukaunganishwa. Kiingereza hawakukijua, na haikuwa hasara, maana Mkimya mwenyewe hakusema mengi.

Vitus alikuja Same kutoka Mbinga akiwa kijana. Baba yake alipofariki, mabasi hayakuwa na mafuta. Alipofika kwao matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa, na nguo za marehemu zimekwisha kugawiwa waliokuwapo. Alirudi Same mikono mitupu. Hakulalamika, ila aliongeza ukimya.

Ndipo ikaja enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa, na mitumba ikamwagwa chini katika soko la Same. Watu waliiita kafa Ulaya, wakiamini kwamba wenye nguo hizo wamekufa. Siku moja Vitus alikuwa akipekua, upepo wa mlimani ukipepea magauni kwenye kamba, mkono wake ukagusa jaketi la kahawia. Bega la kushoto lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Katika filamu, jaketi la Mkimya, la kahawia vilevile, lilifumuka bega hilohilo aliporuka kutoka garini.

"Amekufa lini?" aliuliza.

"Nani, baba?" alishangaa Sharifa, muuzaji.

"Mwenye hili."

"Hee! Mimi nilinunua robota zima la mitumba, sikuuziwa na msiba ndani yake! Hizi zote kafa Ulaya. Hebu jaribu, utawaka!"

Vitus hakulijaribu. Alilikunja taratibu, akalipa bila kupatana bei, akaenda nalo kambini akiwa amelikumbatia.

"Mbona hulivai?" aliuliza Esta, mkewe, Mpare wa Myamba.

"Nguo ya marehemu haivaliwi hivihivi. Ni lazima mtu akukabidhi."

"Marehemu yupi?"

"Mkimya."

Esta alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Vitus wewe! Yule Mzungu wa kwenye shuka?"

Lakini jaketi lilikaa msumarini siku nyingi, na kila asubuhi ya baridi mumewe alilipita akiwa na shati lake jepesi. Kicheko kikamwisha. Akaenda kwa mjomba wake Aminieli, mkataji mkonge wa siku nyingi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mumeo hajambo?"

"Amefiwa."

"Maskini! Na nani?"

"Na Mkimya. Na baba yake pia, tangu zamani, ila hilo halisemi."

Aminieli alihesabu siku kwa vidole. "Jumapili, baada ya ibada," alisema.

Jumapili hiyo walikusanyika penye nyaya za kuanikia singa za mkonge. Mkonge mweupe ulining'inia pande zote, ukiyumba kama shuka la sinema kabla taa haijawashwa, na milima nyuma yake ikaonekana na kupotea, ikaonekana na kupotea.

"Alivyopuliza ile kahawa!" alianza mmoja.

"Na treni inakuja!"

"Treni inakuja, naye anafunga kifungo!"

"Ningekuwa mimi ningeshaacha gari na viatu."

"Wewe ungeacha hata suruali!"

Walicheka, kisha kila mmoja akalitazama gari lake la kijani likiteremka polepole katika kichwa chake.

"Na kama jaketi si lake?" aliuliza mtu kwa sauti ya chini.

"Basi ni la mwenzake," alijibu Aminieli. "Naye alifia mahali fulani, pengine hakuliliwa." Akasimama, akalishika jaketi mabegani kama ifanywavyo siku ya kugawa nguo. "Ndugu wa marehemu yuko wapi?"

Vitus alitazama chini. Esta akamshika mkono, akamwinua.

"Huyu hapa, mjomba. Alichelewa njiani, mabasi hayakuwa na mafuta."

Aminieli alimvisha. Mikono ya jaketi ilishuka ikafunika vidole vyote, na watoto wakaanza kucheka.

"Nitakupunguzia," alinong'ona Esta.

Vitus alizitazama zile ncha zilizoning'inia. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti.

"Acha hivyohivyo," alisema. "Baba alikuwa na mikono mirefu."