Mikono Mikavu ya Bernadeta

Kila asubuhi Bernadeta alimpaka mwanawe Precious mafuta mwili mzima, kisha yeye mwenyewe akanawa mikono kwa sabuni mpaka ikapauka kama ya mtu aliyeshinda akichanganya saruji. Hakujipaka kitu tena mpaka arudi kutoka kazini.

Mama mkwe wake alipokuja Igoma kutoka Magu baada ya mavuno, aliiona mikono hiyo siku ileile, alipopokea kikombe cha maji. Alimwita kando mwanawe Mashimba, akamuuliza kwa Kisukuma ni mwanaume gani anayeshindwa kumnunulia mke wake mafuta ya kujipaka. Mashimba alieleza kwamba ni masharti ya kazi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, na kesho yake akaenda sokoni akarudi na kopo kubwa la mafuta ya nazi. Bernadeta alishukuru, akawa anajipaka jioni.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi kuieleza. Bernadeta alikulia Kirumba, kwa mama aliyekuwa akikaanga samaki katika soko la Mwaloni, na sare zake za shule zilinukia mafuta hata zikifuliwa. Baadaye alisomea ufundi wa mitambo, akaajiriwa na Obedi, mwenye karakana kando ya barabara ya Musoma. Obedi alijaza mitungi ya hewa ya wazamiaji, wale wanaoshuka ndani ya ziwa kushona nyavu za vizimba vya kufugia samaki aina ya sato. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa juu ya paa, mbali na moshi wa malori, na hewa ilipita kwenye filta kabla ya kuingia mtungini. Bernadeta alifungua kila mtungi kidogo kuelekea kwenye kitambaa cheupe. Kikipata doa au harufu, hewa yote ilitolewa. Gesi ya moshi isiyonuka ilikuwa na kifaa chake cha kupimia.

Baadhi ya mitungi iliongezewa oksijeni, ili mzamiaji aweze kukaa chini muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa na masharti makali. Oksijeni tupu ikiingia kwa nguvu mahali penye mafuta, hata kidogo tu, moto unaweza kulipuka humohumo ndani. Obedi alikuwa na kovu la kuungua mkononi, la karakana aliyofanyia kazi ujanani, na hakupenda kulizungumzia. Kwa hiyo koki za mitungi hiyo zilifunguliwa zote kutoka mitungini, zikasuguliwa kwa sabuni maalumu, zikasuuzwa, zikaachwa zikauke juu ya kitambaa safi. Hiyo ilikuwa kazi ya Bernadeta peke yake.

Siku moja mama mkwe aliamua kumpelekea chakula. Alikaanga sato, akasonga ugali, akaja kwa miguu na kapu lake. Bernadeta alikuwa nje akizungumza na mteja. Mama aliingia, akaziona koki mezani zikiwa bado na matone ya maji, akaona amsaidie. Akazifuta kwa kitenge chake, moja baada ya nyingine.

Bernadeta alimkuta ameshika koki mkononi. Alimpokea kapu, akamshukuru kwa chakula, akala naye chini ya kivuli cha ukuta, akamsindikiza mpaka barabarani. Kisha akarudi, akazikusanya koki zote, akaanza upya.

Lukman, mzamiaji aliyekuwa akiisubiri mitungi hiyo, alifika akakuta haijawa tayari. Alilalamika sana. Kizimba kimoja upande wa Igombe kilikuwa kimechanika na samaki walikuwa wakitoka. Obedi alitaka kujua kumetokea nini. Bernadeta alijibu tu kwamba koki zimeguswa, na aliyezigusa hakumtaja. Lukman aliondoka mikono mitupu.

Jioni mama mkwe aliuliza mbona amechelewa. Bernadeta alikuwa akichambua mchicha. Aliwaza kwamba akinyamaza jambo hilo litatokea tena, na safari hiyo huenda asiwepo kuliona. Akamweleza yote, taratibu, macho yakiwa kwenye mchicha.

Mama alitazama viganja vyake.

"Ina maana mkono wangu ni uchafu?"

"Hapana, mama. Hata wangu siuamini. Nikifika nanawa tena, halafu navaa glavu."

"Sasa mbona hukuniambia palepale?"

"Niliogopa kukuaibisha."

"Mama Precious," alisema yule mzee, "umemrudisha mtu wa watu bila mitungi yake kwa ajili ya aibu yangu. Kesho nipeleke nikaone."

Kesho yake walikwenda pamoja. Bernadeta alichukua bamba la chuma alilokwisha kulisafisha, akamwomba mama aliguse kwa kidole gumba, kisha akalimwagia maji. Maji yalitandaa bamba zima kama kitambaa, ila pale palipoguswa yalijitenga kwa mafuta ya kidole, yakabaki matonetone. Mama aliinama akatazama. Akaomba aguse pengine tena, na matokeo yakawa yaleyale. Baada ya hapo alikwenda kukaa kwenye benchi la nje, akaagiza chai.

Lukman aliporudi, mitungi ilikuwa tayari. Mama alisema angependa kumwona mtu anayeishi kwa hewa ya mtungi, na Lukman, ambaye hasira zilikuwa zimemwisha, akawapakia wote wawili kwenye gari. Kule Igombe walisimama ufukweni. Lukman alipelekwa kwa mtumbwi mpaka kando ya kizimba, akateremka majini, akapotea. Viputo vikawa vinapanda juu ya maji. Mama alivitazama, mkono wake umeshika mkono wa mkwe wake, na kila vilipopungua aliukaza.

Hatimaye Lukman aliibuka, akaletwa nchi kavu akiwa anatetemeka kwa baridi. Alimwamkia mama, naye akaitikia marahaba.

"Hewa ilikuwaje?" mama akamuuliza.

"Haina harufu yoyote, mama."

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akamuuliza kama samaki waliobaki kizimbani ni wengi.