Umbali wa Heshima Kati ya Owiti na Shimo

"Baba, heshima haina mita!" Sheryl alisema kwa mara ya tatu, kompyuta ikitikisika mapajani mwake. "Hawa watu wa Nairobi wanauliza kitu kimoja tu. Ni mita ngapi?"

"Waje hapa Kisian niwaonyeshe," akajibu baba yake kutoka kule kwenye tangi la maji. "Umbali wa heshima nani asiyeujua? Hata mtoto wa chekechea anaujua."

"Hawaji. Wameandika barua. Na jibu lisipofika leo saa kumi na moja, ombi limekufa. Baba, limekufa kabisa."

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nachambua mboga ya managu. Sheryl, mjukuu wangu anayeniita Dani, yaani bibi, alikaa katikati ya uwanja, na baba yake Owiti mbali kwenye tangi, kwa sababu Owiti amemuoa binti yangu Awuor, na kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe. Akiwa na neno kwangu, anamwambia Sheryl, Sheryl ananiambia mimi, na mimi nishalisikia zamani.

Huyu Owiti alizaliwa Kaloleni, kwenye zile nyumba kuukuu za baraza la mji, baba yake akitengeneza redio. Alipokuja kuomba mke alikuwa tayari mchimbaji wa visima na mashimo ya choo. Na kuchimba alijua! Kisima alichomchimbia mchungaji wetu kilishuka mpaka akasikia majogoo wa upande ule mwingine wa dunia wakiwika, na huko ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Anayebisha aje asikilize mwenyewe, ila ufunguo wa kile kifuniko ninao mimi na siutoi ovyo.

Siku hizo kina kilipimwa kwa kamba iliyofungwa jiwe. Kamba ikilowa inanyooka, ikikauka inajikunja. Mwenye kisima anapima kumi na mbili, mchimbaji anapima kumi na nne, na wote wawili wanaapa kwa mama zao. Siku moja Owiti aliinama ukingoni na kamba yake, ukingo ukamomonyoka, akaenda nao. Walimtoa na mguu umevunjika mara mbili. Mimi husema mara saba, lakini daktari alisema mbili.

Toka hapo Owiti akaliogopa shimo kama anavyoniogopa mimi. Akiwa bado anatembelea gongo, akanunua mjini kile kitaa chekundu cha leza ambacho wajenzi wanapimia vyumba, akakifungua, akakifunga ndani ya sanduku. Kwenye sanduku akatia bomba linaloingia ndani ya bomba jingine, linalorefuka na kufupika, na kwenye ncha yake kioo kilichoinamishwa. Sanduku linakaa mbali na ukingo. Mwanga unakimbia sambamba na bomba, unagonga kioo, unapiga mbizi shimoni, unarudi. Ukitoa urefu wa bomba, kinachobaki ni kina cha shimo. Kwenye mchanga unarefusha bomba ukae mbali, kwenye mwamba unaruhusiwa kusogea kidogo.

Basi akaomba hataza, yaani ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki ni cha Owiti na asikiige mtu. Maneno alitunga yeye, Sheryl akayageuza Kiingereza neno kwa neno. Dai la kwanza lilisema sanduku husimama "kwa umbali wa heshima kutoka mdomo wa shimo". Nairobi wakarudisha barua: dai hili haliko wazi. Umbali huo ni upi? Mtu mwingine atajuaje kama yuko ndani yake au nje yake?

"Mimi huyo mtu nimempenda," nikasema. "Hana mama mkwe."

"Andika mita mbili tuishie hapo," Owiti akamwambia binti yake.

"Nikiandika mbili, yule Oketch wa Bondo aliyekuja kupiga sanduku picha kwa simu atatengeneza la mbili na nusu. Na huwezi kumgusa."

"Andika moja mpaka kumi."

"Bomba la mita kumi, Baba? Si litapinda kama ndizi?"

"Sasa unataka niseme nini? Nikitaja namba, wataniibia. Nisipotaja, watanikatalia."

Nikaona uso wake. Mtu huyu ametembea miaka minne na mguu mmoja mfupi akilibeba sanduku lile kutoka boma hadi boma. Kama si jina lake litakaloandikwa juu yake, ni la nani?

Sheryl akainuka. "Haya, tupime. Heshima yenyewe tuipime." Akaliweka sanduku miguuni pangu, akavuta bomba la kioo pembeni, akamulika shati la baba yake. "Mita sita na nukta mbili."

Jua lilikuwa limefika magotini pangu, nikasogeza kigoda mbele kufuata kivuli. Owiti akarudi nyuma bila hata kutazama. Sheryl akasogeza sanduku, akapima tena. "Sita na nukta moja. Mbona sasa?"

"Na kwenye mazishi ya babu yako alisimama tatu," nikaongeza. "Watu walikuwa wengi. Na siku ya mafuriko alinibeba mgongoni mpaka barabarani."

"Hiyo ilikuwa sifuri, Dani!"

"Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote."

"Sasa ni sita, ni tatu au ni sifuri?"

"Ni zote," akasema Owiti.

"Haiwezi kuwa zote!"

Hapo hata mimi nikapotea. Nikatazama sufuria nikakuta nimeweka mabua na kutupa majani kwa kuku. Na kwa kuwa mtu akishachanganyikiwa hana hasara tena, nikavuta kigoda mbele hatua nzima. Owiti nyuma hatua. Nikavuta nyingine. Akarudi mpaka mgongo ukagusa ua wa miiba.

"Mama, tafadhali," akasema, akisahau kupitia kwa Sheryl.

"Umeona?" nikamwambia mtoto. "Mimi nikisogea anasogea. Huyu hajali ni mita ngapi. Anachojali ni kuijua nafasi kati yetu kila mara, hata nikimvizia kwa nyuma."

Sheryl akaidaka kompyuta. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema sasa hivi, Dani. Kwamba inabadilika lakini anaijua kila mara." Akaketi, vidole vikaanza kukimbia. "Umbali wowote... ambao sanduku linaupima lenyewe kwanza... halafu linautoa kwenye jumla..."

"Lakini hiyo si ndiyo heshima?" Owiti akauliza kutoka kwenye miiba.

"Ndiyo, Baba, ila tusiiite hivyo!"

"Tuiite nini? Kitu kina jina lake, unakinyima jina, halafu unasema sasa kiko wazi?"

"Na Oketch?" nikauliza. "Oketch akitengeneza lisilojipima, yeye apime tu kwa futi kamba?"

Sheryl akainua vidole. Hilo hakuwa amelifikiria. "Basi tuseme umbali unapimwa, tusiseme na nani..."

"Hapo umeshaleta giza jingine," akasema Owiti. "Watauliza nani."

"Mama yako mkwe!" nikasema. "Waandikie..."

Pikipiki ikanguruma, ikazimwa langoni. Akaingia Wakhisi, wakala wa mjini ambaye ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kupeleka majibu ya Owiti Nairobi, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Hamjambo. Nina dakika ishirini na mtandao wa kuombaomba. Jibu liko wapi?"

Akatutazama mmoja mmoja, akavuta kiti, akakiweka katikati, baina yangu na Owiti, akaketi, wala hakuuliza ni mita ngapi.