Kimya cha Kisanduku

Nilikuwa nikipaka chokaa nyumba ya Bi mmoja katika mji wa kale wa Lamu, kazi niliyoiokota njiani kama ninavyoziokota zote, nilipoona kisanduku cheupe juu ya mlango. Nikauliza, maana siwezi kuona kitu nikanyamaza. Bi akanieleza kwamba amekiweka mwanawe aliyeko Mombasa. Ndani mna laini ya simu. Mlango ukifunguliwa kabla ya kupambazuka, chenyewe hakilii. Humpigia mwana, kisha mlinzi.

Mlinzi alikuwa mtu mzima wa Mbwajumali, kijiji cha kisiwa cha jirani. Miaka mingi alilala dakani, kwenye ukumbi wa nje, mgongo umegusa mlango. Kisanduku kilipokuja, mwana alimwambia akalale chumbani kwake mtaa wa pili, asubiri simu. Bi akitoka alfajiri kwenda kwa dada yake, simu ilimwamsha mlinzi, akaja mbio na kumkuta Bi anamcheka.

Kisha mwana akahamisha laini zote za familia, zilizokuwa kwa jina lake, akaingia kampuni nyingine yenye bando nafuu. Bi akaletewa kadi mpya ya simu yake. Ya kisandukuni hakuna aliyeikumbuka; kadi ya zamani ikafa humo ndani. Umeme ulikuwepo, kwa hiyo taa yake ya kijani iliendelea kuwaka.

Bi alikwenda hitima Kipungani, akalala huko. Aliporudi, komeo lilikuwa limevunjwa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zi tupu. Sahani alizoachiwa na bibi yake, ambazo hata mimi alinikataza kuzigusa, hazikubaki hata moja.

Mwana alikuja. Fundi wa kisanduku alisema kwa simu kwamba anayebadili laini ndiye wa kumwarifu. Wakala wa laini alisema yeye huuza tu, hajui mtu ataichomeka wapi. Aliyebaki ni mlinzi. Mwana akataka aape kwa msahafu mbele ya majirani kwamba hakuiba, na kwamba hakujua simu zimekoma. Asipoapa, aende kwao.

Tulikaa dakani. Mlinzi alitia udhu. Kwamba hakuiba, aliapa bila kusita. Kwa lile la pili akaondoa mkono.

"Hili siwezi. Naliona simu ya alfajiri hainiamshi tena. Nalidhani kimya ni salama."

"Basi ulijua, ami," mwana akasema.

"Naliyua haipigi. Sikuyua imekufa."

Bi alikuwa nyuma ya mlango. "Na wewe mwanangu uliyeihamisha laini, mkono wako u wapi?"

Mwana alijibu kwamba hayo ni ya ndani, watayazungumza wenyewe. Akaufunga msahafu. Majirani wakatafuta viatu vyao.

Baadaye nilivuka kwa boti, nikashuka gati ya Mtangawanda nikitafuta kibarua, nikaenda hadi Mbwajumali. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, ila nusu yake tu: walimwita yule aliyeondoa mkono kwenye msahafu. Posa ya binti yake ilikuwa imerudishwa.

Nilimkuta shambani akipalilia. Akaniuliza kama Bi amepata mtu wa kulala dakani. Nikamwambia hapana, mwana ametia laini mpya.

"Humpigia nani?"

"Mwana peke yake."

"Huko Mombasa?"

"Huko huko."

Akaniuliza kama komeo, angalau, wamelitengeneza. Sikuwa najua. Akainama tena kwenye magugu.